Mahindi Yaliyo Chini ya Miguu ya Kuku

Nazungumza na ninyi mlioko Minembwe kwenye baridi, ninyi wa Fizi, na ninyi wa Baraka mliokaa nje mkipunga upepo wa ziwa. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya kile mnachowamwagia kuku wa nyumbani kila siku: mahindi, pumba, mihogo mikavu, unga wa ndakala. Tuangalie ni kiasi gani kinaingia tumboni mwa kuku, na ni kiasi gani kinabaki chini kikikanyagwa na kunyeshewa.

Mnajua wenyewe jinsi bidhaa inavyofika Minembwe. Inatoka Baraka, inapita Fizi, inapanda kwa tabu hadi Pointi Zero, ndipo ifike juu kwenye nyanda. Mvua ikiharibu barabara, au bunduki zikiifunga, bei ya kila kitu inapanda. Na mahindi ni bugali letu kabla hayajawa chakula cha kuku. Punje inayooza chini ya banda imetoka kwenye sufuria ya nyumba ile ile.

Kuna jambo jingine. Huko juu, ng'ombe ndiye aliyekuwa na jina siku zote. Lakini katika mapigano yaliyowaka tangu 2017 maelfu ya ng'ombe waliporwa, na zipo nyumba zilizokuwa na zizi zima ambazo leo zimebaki na kuku. Yai la kuku huyo ndilo linalonunua chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Mnyama aliyebeba mzigo wa namna hiyo anastahili kuangaliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Tusimwachie mtoto aliyetumwa amwage kopo moja la mahindi uani na kukimbia shuleni.

Tuanze kwa kumwondolea kuku lawama. Nasikia watu wakisema kuku ni mharibifu, kuku hana akili, ukimpa kizuri anakitupa. Kuku huyu wa uani asili yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Huko hakuwekewa bakuli. Aliishi kwa kuparua majani makavu, kurudi nyuma hatua moja, kutazama, kudonoa. Mwaka 1972 watafiti wawili, Duncan na Hughes, walieleza jaribio hili: kuku aliwekewa chakula cha bure, na pembeni pakawa na kitufe ambacho akikidonoa kinamtolea chakula kile kile. Kuku hakutosheka na cha bure. Sehemu ya chakula chake aliendelea kukitafuta kwa kudonoa kitufe. Kuparua na kutafuta kumo damuni mwake, hata akiwa ameshiba.

Kwa hiyo ukimpiga kuku kwa sababu ameparua, unapoteza nguvu zako. Mtengee mahali pa kuparua, na mtengee mahali pa kula, na mahali hapo pawili pasikaribiane. Pa kuparua ni rahisi: lundo la maganda ya maharage, majani makavu, samadi ya ng'ombe kwa wale ambao bado wanaye. Humo atapata funza na wadudu ambao wewe hukuwalipia hata faranga moja, tena wana protini nyingi kuliko pumba yoyote. Huko aparue mpaka jua lizame. Lakini chakula chenye gharama kisikae pale ambapo mguu wake unafika.

Sasa tuje kwenye chombo, maana hapa ndipo hasara kubwa ilipo.

Chakula kinapotea kwa njia tatu mbele ya macho yetu. Kuku anaingia ndani ya chombo kwa miguu, anaparua na kunya humo humo. Au chombo ni sahani tambarare isiyo na ukingo, naye anapotafuta kipande anachokipenda anapiga mdomo kulia na kushoto, pumba zinaruka. Au chombo kimejazwa hadi juu. Njia hii ya tatu watu hawaiamini, kwa hiyo nitawapa hesabu iliyomo katika miongozo ya ufugaji, ambayo maafisa mifugo wameifundisha miaka mingi. Kihori kilichojaa pomoni hupoteza karibu asilimia 30 ya chakula. Kilichojaa theluthi mbili hupoteza karibu asilimia 10. Nusu, asilimia 3. Theluthi moja, asilimia 1 tu. Kuku ni wale wale, mahindi ni yale yale, kilichobadilika ni mkono wa aliyemimina.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Una kuku kumi wanaotembea mchana na kujitafutia, wewe unawaongezea gramu 50 kila mmoja kwa siku. Hiyo ni nusu kilo kwa siku, kilo 15 kwa mwezi. Ukipoteza asilimia 30, kilo nne na nusu zimekwenda chini mwezi huo. Kwa mwaka zinapita kilo 50. Hilo ni gunia zima, mama yangu. Kuna nyumba Minembwe ambayo gunia la mahindi ingelishukuru kama zawadi, na kumbe nyumba hiyo hiyo imelimwaga yenyewe, punje kwa punje.

Ninyi wa nyanda za juu mna kitu ambacho wafugaji wa mijini wangekinunua kwa dola: mianzi ya Itombwe. Kwa kutengeneza kihori, chukua mwanzi mnene uliokomaa, kata kipande cha urefu wa mita moja, kikiwa na kifundo kila mwisho ili chakula kisimwagike pembeni. Usiupasue katikati. Ukiupasua nusu kwa nusu, kingo zinasimama wima na kuku anatupa nje kama kawaida. Ondoa kipande cha juu tu, kama theluthi moja ya mviringo wake. Hapo kingo mbili zinabaki zimeinamia ndani, na kila kuku anapopiga mdomo pembeni, chakula kinagonga ukingo na kurudi. Kuta za vifundo vya katikati uziache pia, zinamzuia kuku kuburuta chakula chote upande mmoja. Hakikisha tu kwamba kichwa cha jogoo wako kinaingia na kutoka bila kukwama.

Kihori hicho kiinuliwe kutoka chini. Kiasi gani? Msimamishe kuku kando yake, ukingo uwe sawa na mgongo wake. Kikiwa chini zaidi ataingiza mguu. Kikiwa juu zaidi wadogo watashindwa, na kuku anayenyoosha shingo sana humwaga pia. Juu ya kihori tundika fimbo laini inayozunguka, ishikiliwe na msumari mmoja kila mwisho. Kuku akijaribu kutua juu yake inamzungusha, anashuka. Msichana wa miaka kumi na miwili anaweza kuisimamia kazi hii akipata mtu wa kumshikia panga.

Urefu nao muuhesabu. Kuku mkubwa anahitaji nafasi ya kama sentimita 10 kwenye ukingo. Kihori cha mita moja kinachofikiwa pande zote mbili kinawatosha kuku ishirini. Kikiwa kifupi, jogoo na majike wakali wanakula, wanyonge wanasimama nyuma, na katika kugombana ndipo kinapomwagika zaidi. Mwenye kuku wengi atengeneze viwili na aviweke mbali kidogo.

Kwa ndugu zangu wa Baraka, Mboko, Nundu na kando yote ya ziwa, ambako mwanzi mnene si wa kuokota, bidoni kuukuu ya lita 20 inafanya kazi nzuri. Toboa matundu ubavuni, upana wa vidole vinne, yaanzie vidole vinne juu ya kitako. Makali ya tundu yapitishe kisu kilichopashwa moto ili yasimkate kuku shingo. Kuku anaingiza kichwa tu, mguu unabaki nje, na hata akipiga mdomo namna gani, pumba inabaki ndani ya bidoni. Ioshwe bidoni hiyo vizuri kwanza. Ikiwa ilibeba petroli au dawa ya shamba, itafutiwe kazi nyingine kabisa. Na kwa wale walioko kambini Lusenda na Mulongwe, au waliokimbia makwao wakakaa kwa jamaa, ambao nafasi yao ni ya kuku wawili tu, bidoni ya lita 5 inatosha.

Vifaranga wasile pamoja na wakubwa. Funika chakula chao kwa kitunga chenye matundu mapana, ambamo kifaranga anapita na mama yake hapiti. Chakula cha vifaranga ndicho ghali kuliko vyote, na kuku mzima atakimaliza kwa dakika chache.

Tukishapata chombo, tuangalie namna ya kukichanganya chakula. Kuku anachagua. Ukimpa pumba kavu iliyochanganywa na vipande vya mahindi na unga wa ndakala, atakwenda kwenye ndakala na mahindi, na pumba ataipeperusha. Lowesha kidogo. Weka maji, au maji ya maziwa yaliyoganda kwa wenye maziwa, mpaka ukikifumba mkononi kishikane na ukikiachia kivunjike. Hapo vumbi halipo tena, na kila kidonoo kina mchanganyiko wote. Lakini loweshea kile tu kitakachokwisha mara moja. Katika joto la Baraka chakula kibichi kikikaa hadi mchana kinachacha na kuota ukungu. Kilichobaki kitoeni, na chombo kioshwe.

Juu ya ndakala nina neno moja zaidi. Samaki huyu ni hazina ya ziwa letu Tanganyika, na kwa kuku anayetaga hakuna kitu bora cha kuongezea. Ila ndakala wengi huanikwa mchangani, na mchanga huo unapimwa pamoja nao sokoni. Unalipia mchanga. Tafuteni walioanikwa kwenye vichanja. Kama hawapo, wapepeteni kabla ya kuwatwanga. Wenye chumvi nyingi msiwape kuku, chumvi ikizidi inawaua.

Vyakula vingine vinapotea ndani ya kuku kwa kuwa havikuandaliwa. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Ikaangeni kwanza au ichemsheni. Maharage mabichi vivyo hivyo yana sumu, yapikwe. Maganda ya viazi yachemshwe, na yale yaliyogeuka kijani yasitumiwe kabisa. Muhogo mchungu ulowekwe na ukaushwe kama unavyoufanyia bugali lako, na hata hivyo usimpe kuku muhogo peke yake: una wanga tu, protini yake ni kidogo mno, atashiba na hatataga. Majani ya muhogo yaliyokaushwa vizuri na kutwangwa yana protini nyingi kuliko mzizi, kwa hiyo kidogo kichanganywe humo.

Kuku anayefungiwa siku nzima na kutaga sana hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku wetu wa kienyeji anayetembea hahitaji kuwekewa hizo zote, kwa sababu sehemu yake anaipata mwenyewe porini. Gramu 30 hadi 50 za kumwongezea zinatosha siku nyingi. Mpe kidogo asubuhi, ili awe na hamu ya kutembea, na sehemu kubwa jioni, saa moja hivi kabla hajaingia bandani. Minembwe iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na usiku wake mnaujua. Kuku anayelala na mahindi tumboni anapata moto wa kumfikisha asubuhi. Kuku mwenye baridi hula zaidi na hutaga kidogo, kwa hiyo kuziba upepo kwenye banda kwa udongo na nyasi nako ni kuokoa chakula, ingawa watu hawaoni uhusiano wake. Na Septemba, majirani wanapopanda na kuku wanafungwa ili wasifukue mbegu, msiwaache na gramu 30. Wakati huo hawana pa kujitafutia. Waongezeeni, na wapeni pia maganda ya mayai yaliyosagwa na changarawe ndogo, maana bila vijiwe tumboni kuku anasaga punje kwa shida. Maji safi yawepo saa zote. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na akikosa maji anaacha kula, halafu anaacha kutaga.

Sasa wezi. Chakula kikilala nje, anayekula usiku si kuku. Panya mmoja anakula kama gramu 25 kwa usiku, na anaharibu zaidi ya hapo kwa mkojo na mavi yake. Panya kumi wamekula robo kilo, sawa na chakula cha jioni cha kuku watano au zaidi. Mimineni kiasi kinachokwisha kabla ya giza, mkiingize kihori ndani. Akiba ikae kwenye bidoni yenye mfuniko au pipa lililofungwa, juu ya miti, mbali na ukuta unaotoa unyevu.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Iko desturi ya kusema mahindi haya yameota ukungu, basi tuwape kuku. Msifanye hivyo. Ukungu wa mahindi unaweza kubeba sumu inayoharibu ini, na kuku, hasa vifaranga, pamoja na bata, wanaumizwa nayo vibaya. Kuku hatakufa siku hiyo, kwa hiyo utadhani hakuna kitu. Atapungua kutaga, atakonda, magonjwa yatamkamata kirahisi, na sumu hiyo inaweza kupita hadi kwenye yai na maini utakayompa mtoto wako. Mahindi yaliyooza yazikwe. Inauma kuyatupa, najua, mahindi ni jasho. Ndiyo maana yakaushwe vema tangu mwanzo, yaanikwe juu ya turubai na yasikae kwenye udongo.

Kuna hasara ambayo hakuna kihori kitakachoizuia. Ni kulisha kuku asiyefaa kulishwa. Kwenye nyumba nyingi utakuta majogoo manne kwa majike saba. Jogoo mmoja anawatosha majike wanane hadi kumi. Wale watatu wanakula kila siku, wanapigana, wanawachosha majike. Uzeni au mle, mbaki na mmoja mzuri. Kuku mwenye minyoo naye anawalisha minyoo kwanza. Na kubwa kuliko yote ni kideri. Mtu anamlisha kuku miezi sita, ugonjwa unapita kijijini, kwa wiki moja banda ni tupu. Mahindi ya miezi sita yote yamekwenda. Chanjo yake ipo, ipo hata ile ya tone moja la jicho inayostahimili joto kuliko nyingine, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Muulizeni veterineri aliye karibu nanyi. Shirikianeni majirani, kwa maana chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi na haihifadhiki ikishafunguliwa.

Nisieleweke vibaya: sisemi mpunguze chakula. Yupo atakayesikia habari hizi leo, kesho awanyime kuku, halafu alalamike kwamba mayai yamekwisha. Kuku apewe haki yake yote. Tunachozuia ni kile ambacho hakikumfikia.

Mjue namna ya kukagua. Kesho jioni, kabla ya kuwalisha kuku, wekeni gunia kuukuu au turubai chini ya chombo, kisha wakishakula mkusanye kilichoanguka mkipime kwa kopo lile lile mnalopimia. Fanyeni hivyo siku tatu. Mtajua hasara ya nyumba yenu bila kumwuliza mtu, na mkishabadilisha chombo mtapima tena muone tofauti.

Akina mama, nyinyi ndio wenye kuku katika nyumba nyingi, na fedha ya yai hupitia mikononi mwenu kwenda kwa watoto. Lakini panga na nyundo mara nyingi viko kwa papa. Papa unayenisikiliza, mwanzi wa kihori ni kazi ya mchana mmoja. Ukate wiki hii, kabla gunia jingine la mahindi halijafunguliwa.